Mpini Mpya

Bibi yangu alikuwa na hadithi moja ambayo kila alipoimaliza, sisi wajukuu tuliona hajaimaliza. Aliisimulia msimu wa kupukuchua mahindi, Julai hadi Agosti, wakati baridi ya Mlima Matogoro inateremka mapema na moshi wa jikoni unaning'inia chini ya paa. Tulikaa duara kuzunguka lundo la mahindi, kila mtoto na gunzi lake kavu la kusugulia punje. Babu hakukaa nasi. Alikuwa na gogo lake nje, kando ya mlango wa jiko, akivuta tumbaku, na sisi tulio ndani tuliona moto wake ukiwaka na kufifia gizani.

"Hadithi, hadithi."

"Hadithi njoo."

Palikuwa na mtu na mkewe, bibi alianza. Mtu yule akaandikishwa manamba, akapanda lori, akaenda Tanga kukata mkonge. Barua ikaja moja, ikaja ya pili, halafu hazikuja tena. Mwaka wa saba akarudi. Akafika kwake jua linazama. Akaona jembe limeegemezwa ukuta wa jiko. Jembe ni lilelile aliloliacha, lakini mpini ni mpya, mweupe, haujashika jasho. Akakaa kwenye gogo. Mkewe akatoka, akamwona, akarudi ndani. Akatoka tena na kata ya maji, akampa kwa mikono miwili. Mtu yule akatazama mikono ya mkewe. Akanywa maji.

"Hadithi yangu imeishia hapo."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Alimpiga? Huyo mwanamume mwingine alikuwa amejificha ndani? Alitoroka kwa mlango wa nyuma? Waliachana? Bibi aliendelea kupukuchua. Mimi ndiye niliyekuwa king'ang'anizi kuliko wote, na kwa kuwa nilirithi jina la babu, aliniita mume wangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Bibi, sasa ikawaje?"

"Nimesema alikunywa maji."

"Lakini baada ya kunywa?"

"Mume wangu, pukuchua mahindi."

Kwa msomaji ambaye hakukulia kusini, niseme kidogo kuhusu manamba. Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na njaa ya watu isiyoisha, na Songea ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopeleka vibarua wengi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na huku kwetu fedha taslimu ilikuwa adimu. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, na jina hilo la manamba likatokana na namba hizo. Mkataba ulikuwa na mwisho wake kwenye karatasi, lakini si kila aliyekwenda alirudi ulipokwisha. Wengine walikufa huko, wengine wakaoa huko, wengine waliona haya kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo bibi aliposema mtu alikwenda Tanga na barua zikakoma, watu wazima waliokuwepo hawakuhitaji maelezo. Babu mwenyewe alikuwa na kovu jeupe kwenye kiganja cha kulia, na tulipomuuliza alijibu neno moja tu: mkonge.

Mwaka 1987 niliingia Chuo cha Ualimu Matogoro. Chuo kiko chini ya mlima uleule ambako mto Ruvuma unaanzia, kilomita chache kutoka mjini Songea, na kutoka bwenini ningeweza kutembea hadi kwa bibi kabla chai haijapoa. Siku hizo wanachuo tulilima. Elimu ya kujitegemea ilikuwa jembe, zamu na shamba la chuo, na kila mmoja aliwajibika kwa jembe lake. Jumamosi moja mpini wangu ukavunjika katikati ya tuta. Msimamizi wa shamba akaniambia nisirudi bila mpini mwingine.

Sikuwa nimewahi kuchonga mpini. Nilidhani ni kukata fimbo. Kumbe mti lazima uwe mnyoofu, usiwe na fundo, usiwe mbichi mno wala mkavu mno, na upande mmoja lazima ubaki mnene, maana mpini huingizwa kwenye tundu la jembe kwa mkia wake mwembamba, ukavutwa mpaka kichwa kikwame. Ukipunguza kichwa kidogo tu kupita kiasi, jembe litachomoka na kumpiga mtu. Niliharibu miti miwili. Wa tatu ulikubali jioni, na kwa wakati huo panga lilikuwa limenitoa malengelenge sita viganjani, mawili yameshapasuka.

Nilikwenda kwa bibi nikiwa nimekunja mikono. Aliniletea maji kabla sijaketi, kama kawaida yake. Nilipopokea kata, vidole vyetu viligusana, nikahisi sugu za viganja vyake, ngumu kama ganda la mti. Nikasimama na kata mkononi bila kunywa, kwa sababu nilikuwa nimeisikia ile sentensi kana kwamba imesemwa saa ileile: akatazama mikono ya mkewe.

Pale jikoni palikuwa na majembe manne. Mipini yote minne alikuwa ameichonga bibi. Nilimwona akichonga tangu nikiwa mdogo wa kutambaa, ameketi chini, miguu ameinyoosha, panga mkononi, vibanzi vinaruka. Mwanamke anayechonga mpini hakuwa kitu cha ajabu machoni pangu hata siku moja. Hata hivyo, miaka yote ile, kila niliposikia mpini mpya katika hadithi, nilimwona mwanamume. Bibi hakumtia mwanamume mwingine katika hadithi ile. Hakuna neno lake hata moja lililomtaja. Nilimleta mimi, nikamficha ndani ya nyumba, halafu nikamlaumu bibi kwa kutoniambia alitokaje.

"Bibi," nikamwambia, "yule mke alichonga mpini mwenyewe."

Akanitazama, akatazama malengelenge yangu, akaniuliza kama nimekula.

Kazi yangu ya maisha imekuwa kufundisha watu kusoma hadithi, na nikitafuta nilipoanzia, naanzia kwenye kata ile. Kabla ya hapo nilidhani hadithi isiyotaja mwisho wake imemwachia msikilizaji shimo, ajaze apendavyo. Nikaona kumbe bibi hakuacha shimo. Alikuwa amesema yote. Mpini mweupe, haujashika jasho: maana yake umetiwa juzi tu, kwa hiyo hauwezi kuwa ushahidi wa mwanamume aliyeishi hapo miaka. Akatazama mikono: maana yake jibu la swali lililomkalisha kwenye gogo lilikuwa pale, kwenye ngozi. Akanywa maji: na kwetu, maji ya mgeni si ya kukata kiu peke yake. Ukikataa maji ya mtu umekataa mlango wake. Ukiyanywa, mengine yanaweza kuzungumzwa kesho. Mwisho ulikuwa ndani ya sentensi tatu fupi, na sisi tulizipita mbio tukielekea kwenye ugomvi tuliokuwa tunautaka.

Hili la maji linanikumbusha kwamba dokezo haliishi kwenye maneno peke yake. Nusu yake iko kwenye desturi ya wanaosimuliwa. Mtu wa mahali ambapo kupewa maji hakuna uzito angeisikia sentensi ya mwisho ya bibi kama mtu aliyekatiza usemi. Ndiyo maana huwa nasita mtu anaposema hadithi fulani ya mbali haina mwisho. Huenda mwisho wake uko kwenye namna ya kupokea kikombe.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana kujua kitu siku moja na malengelenge mkononi si sawa na kukikumbuka siku zote.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja wa lugha aliyependa kutusimulia kwa Kiswahili hadithi alizozisoma kwa Kiingereza. Moja ilikuwa ya Grace Ogot wa Kenya, "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968, "Land Without Thunder". Ogot alikuwa muuguzi kabla ya kujulikana kama mwandishi, na baadaye akawa mbunge. Hadithi yake inahusu kijiji cha Waluo kilichokaushwa na ukame. Mganga anaota kwamba mvua itanyesha iwapo Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, atatolewa kafara kwa zimwi la ziwani. Baba analia, lakini yeye ni baba wa kijiji kizima. Oganda anafanyiwa sherehe ya kuagwa, kisha anatembea peke yake kuelekea ziwani. Karibu na maji, kijana anayempenda, Osinda, anamkamata, anamvika vazi la majani litakalomficha macho ya mababu na ghadhabu ya zimwi, na wanakimbia. Wakiwa njiani, mbingu inafunga, radi inapiga, na mvua inamwagika. Hadithi inaishia kwenye mvua hiyo.

Darasani tulibishana mpaka kengele ikalia. Mmoja alisema mababu wameridhika na utayari wa binti, kama baba anayeshusha fimbo akiona mtoto ameinama. Mwingine alisema mvua ilikuwa inakuja tu kwa wakati wake, mganga hakujua lolote. Wa tatu akasema mvua ile ni hasira inayowafuata wapenzi. Mkufunzi akafunga mjadala kwa kusema kwamba mapenzi yameshinda mila potofu, na sisi tukaandika hivyo daftarini, chini ya kichwa cha habari "Ujumbe".

Mwaka 1994, nikiwa nimeshajiendeleza na kupata stashahada, nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Niliwasimulia wanafunzi wangu hadithi hiyo, kisha nikaiingiza kwenye jaribio: "Eleza mwisho wa hadithi hii na maana yake." Katika mwongozo wangu wa kusahihishia niliandika kilekile cha daftari la chuo. Majibu mengi yalifuata njia hiyo. Binti mmoja, mkimya, wa dawati la pembeni, aliandika mistari minne. Alisema Oganda ameokoka, lakini mwisho wa hadithi uko kijijini. Kule nyuma mvua imenyesha, na wote wanaamini Oganda amekwisha kufa ziwani. Watasema kafara imefanya kazi. Mwaka mwingine mvua ikikosekana, watachukua binti mwingine, na huyo huenda hana Osinda.

Nikampa alama 2 kati ya 10. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Soma swali."

Akanifuata ofisi ya walimu baada ya vipindi. Alisimama mlangoni, ameshika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Oganda ameokoka, ndiyo, lakini kule kijijini nani anajua?"

"Marahaba. Jibu la swali linatakiwa litoke ndani ya hadithi. Hayo ya mwaka mwingine umeyatoa wapi?"

"Mwalimu, kijiji nacho kimo ndani ya hadithi."

Nilimwambia arudi darasani. Sikubadilisha alama.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipokipata kitabu chenyewe, nikaisoma hadithi kwa macho yangu badala ya kuikumbuka kwa mdomo wa mkufunzi. Nilisoma mara mbili, na ya pili nilisoma nikihesabu kurasa. Osinda, ambaye kwa kumbukumbu yangu alikuwa nusu ya hadithi, anatokea kwa kweli mwishoni kabisa. Sehemu kubwa ni kijiji: chifu na uchungu wake, ndoto ya mganga, wazee wakinong'ona na binti akidhani wanamtafutia mchumba, ngoma ya kumuaga, majirani wakimwona mwenye bahati kwa kuchaguliwa kuokoa watu. Mwandishi alikuwa ametukalisha kijijini karibu muda wote. Kisha akatutoa pale dakika ya mwisho, tukakimbia na wapenzi wawili, na kwa furaha ya kukimbia tukasahau tulikotoka. Yule binti hakusahau. Alikuwa amefanya kile ambacho bibi alinifundisha bila kukitaja: alitazama uzito uko wapi, akauliza mvua ile inawafikia akina nani.

Sidai kwamba lake ndilo jibu pekee. Ogot hakusema, na wasomaji makini wanaweza kulisimamia jibu la mababu walioridhika wakatoa ushahidi. Ninachodai ni kwamba jibu la binti lilitoka ndani ya hadithi, na langu lilitoka ndani ya daftari.

Jibu la binti lilipaswa kunigusa upesi zaidi mimi, mtu wa Songea. Hapa kwetu, wakati wa Vita vya Majimaji, maji yaliwahi kuaminiwa kwa namna ambayo kila mtoto anaisoma shuleni. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake "Kinjeketile" ya mwaka 1969, anamfikisha Kinjeketile, mtu wa maji hayo, mbele ya uamuzi wa mwisho: akiri kwamba maji ni uongo, au anyamaze. Anakataa kukiri, kwa sababu anawaza kitakachosemwa na watakaokuja baadaye. Hussein naye aliona kwamba tukio linaweza kwisha huku maana yake ikianza safari nyingine vinywani mwa wasiokuwepo. Binti wa miaka 16 aliliona hilo kwenye mvua ya Oganda, nami nikamwambia asome swali.

Nilikutana naye mwaka 2009 katika stendi ya mabasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa mama wa watoto watatu, akifanya kazi ya afya wilayani. Nilimwambia kwamba nilikuwa na deni la kumwomba radhi tangu mwaka 1994, nikamweleza ile karatasi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Hakuikumbuka hata kidogo. Basi lake likaita abiria, akaniaga, akapanda. Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka 15, na mwenyewe alikuwa ameliacha mlangoni pa ofisi.

Nimekuwa mkali tangu wakati huo juu ya jambo moja. Wanafunzi wetu wanafundishwa fani na maudhui kama kabati lenye droo: dhamira hapa, ujumbe pale, migogoro chini. Kabati hilo lina faida yake, nami nimelitumia. Lakini mwisho uliodokezwa hauingii kwenye droo. Mwanafunzi akishauita "ujumbe", ameacha kuuliza nani alikuwepo, nani hakuwepo, nani anajua nini na nani bado hajaambiwa. Vitini vinavyouzwa mitaani vimezidisha. Vinampa kijana mwisho wa hadithi kabla hajasoma mwanzo wake, na akifika kwenye sentensi ya mwisho hana kazi iliyobaki.

Upande wa pili nao una hatari yake. Wapo wanaosema hadithi ikinyamaza basi kila mtu na lake. Mwaka 1882 Mmarekani Frank Stockton alichapisha hadithi, "The Lady, or the Tiger?", kuhusu kijana anayetakiwa kufungua mlango mmoja kati ya miwili. Nyuma ya mmoja kuna chui milia, nyuma ya mwingine kuna mwanamwali wa kumuoa. Binti mfalme anayempenda anajua siri, anamwonyesha mlango wa kulia, kijana anaufungua, na mwandishi anatuachia swali la kilichotoka. Pale swali limeachwa wazi kwa makusudi, na uzito umesawazishwa pande zote mbili kama mizani ya duka. Hiyo ni chemshabongo, na nzuri. Hadithi ya bibi haikuwa hivyo. Mizani yake ilikuwa imeshainama. Msomaji anahitaji kuzitambua hadithi za namna hizi mbili, na hakuna njia ya kuzitambua isipokuwa kurudi nyuma na kusoma tena sentensi zinazoonekana hazina kazi.

Na ipo aina ya tatu, ambayo kwa Songea si ya vitabuni. Kwenye Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, kuna kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kando yake kuna kaburi la peke yake, la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Ukoo wake unaamini, na umedai kwa miaka mingi, kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha. Nimewahi kuwasikia watu wakisimulia siku hiyo kama sura ya mwisho: mkubwa amekuja, ameinama, yamekwisha. Naelewa hamu hiyo, ni hamu yetu sisi watoto tuliozunguka mahindi. Lakini kaburi la kichwa kisichokuwepo halijadokeza mwisho wowote. Halina mkono wa kutazama wala maji ya kunywa. Mtu anayeona mwisho pale anajitungia mwenyewe, na wenye kaburi wanaendelea kungoja.

Nilirudi Matogoro baadaye nikiwa mkufunzi, na kila mwaka nilianza somo la hadithi fupi kwa hadithi ya bibi. Naisimulia kama alivyoisimulia, bila kuongeza neno, halafu nanyamaza. Maswali ni yaleyale. Alimpiga? Huyo mwanamume yuko wapi? Nawaacha wabishane, kisha nawaomba wairudie hadithi kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, mmoja baada ya mwingine. Karibu kila mara sentensi ya mikono inaangushwa. Aliyepewa zamu hiyo anairuka, moja kwa moja kwenye maji, na darasa zima halimsahihishi. Nawaambia imepotea sentensi moja. Wanatafuta. Ikishapatikana, chumba kinabadilika.

Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo hadithi ilipoishia, nami nikaridhika na ugunduzi wangu wa malengelenge. Mpaka mwaka mmoja mwanachuo mmoja, dada aliyekuja chuoni akiwa ameshaolewa na kuacha watoto kwa mama yake, akanyoosha mkono wakati wenzake wanafunga madaftari.

"Mwalimu, tangu asubuhi tunaulizana kama yule baba alisamehe. Alisamehe nini? Aliyekaa miaka saba bila barua ni nani?"

Nikamwambia aendelee.

"Bibi amesema mke alitoka, akamwona, akarudi ndani. Halafu akatoka na maji. Mimi nataka kujua alipokuwa ndani. Kuchota maji hakuchukui dakika nyingi. Pale ndani ndipo yalipoamuliwa, na sisi wote tumebaki nje na huyo baba."

Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile tangu sijaanza shule, nimeifundisha miaka, nimejisifu kwamba nimeisoma mikono. Na muda wote nilikuwa nimekaa kwenye gogo, nikitazama kwa macho ya mtu aliyerudi, nikipima kama mke anastahili. Bibi alikuwa amenipa mlango, mke akaingia na kutoka, na mimi nikauona mlango kama nafasi ya kuletea maji. Nilitamani kumuuliza bibi alichotaka tuone. Nadhani angeniuliza kama nimekula.

Bibi alifariki mwaka 1996, masika, njia ya kupanda kwetu ikiwa tope tupu. Baada ya arobaini, shangazi na mama wakatoa vitu vyake uani ili vigawanywe: vyungu, nyungo, vitenge viwili ambavyo hakuwahi kuvivaa, kata. Babu alikuwa amekaa palepale kwenye gogo lake. Hakusema kitu kwa chungu wala kwa kitenge. Kaka yangu alipotoa majembe, akayaweka kwenye fungu la vitu vya kupelekwa shamba la mjomba, babu akanyoosha mkono wenye kovu.

"Hilo la mwisho liache."

Lilikuwa jembe limelika mpaka kubaki kama kiganja, lisilofaa kulimia hata tuta la mchicha. Mpini wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa jasho, unang'aa, na karibu na kichwa bado zilionekana alama za panga, fupifupi, kama za mtu aliyekuwa anajifunza. Kaka akauliza liwekwe wapi.

Babu akamwonyesha ukuta wa jiko.